Kabla hamjakisoma cheti cha maji, ulizeni sampuli ilibebwa na nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu masika. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mstaafu, mkazi wa Nyegezi hapa Mwanza. Kwa miaka 26 nilifanya kazi katika chumba ambacho wageni rasmi huwa hawaonyeshwi. Wao hupelekwa kwenye mashine na kompyuta. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, penye masinki, vyombo vya kioo na harufu ya asetoni, ambako maji ya ziwa, tope na samaki hukamuliwa kemikali zilizojificha ndani yake kabla mashine haijapewa chochote cha kupima. Vitabuni kazi hiyo huitwa ekstraksheni. Sisi tulizoea kusema kukamua, na ndilo neno nitakalotumia.

Mvua zilipoanza, katika mwalo mmoja upande wa Ilemela, watu waliamka wakakuta samaki wanaelea. Siutaji mwalo huo kwa sababu wakazi wake wanauza samaki kila siku, na jina likishatoka gazetini wateja hukimbia hata kama hakuna kosa. Walikuwa sato wadogo na furu, wametanda kandokando ya magugu maji. Vijana wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi mwaloni, hawakukaa mikono mitupu. Walichukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyokuwa na soda, wakaisuuza mara mbili kwa maji ya ziwa, wakaijaza, wakaifunga. Ilikuwa Ijumaa jioni. Chupa ikalala kwenye banda la nyavu mpaka Jumatatu, ikafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, ikaletwa mjini kwenye jua la saa saba.

Baada ya wiki tatu cheti kikarudi. Kilikuwa na orodha ndefu ya viuatilifu, na mbele ya kila jina neno moja: haikugundulika. Mwenyekiti akakisoma kwenye mkutano wa hadhara chini ya mwembe. "Ndugu wananchi, maabara imethibitisha maji yetu hayana sumu." Watu wakapiga makofi. Nilikuwepo kwa sababu shemeji yangu anavua pale. Mama mmoja anayeanika dagaa akanigeukia akasema, "Dada, si wewe ndiye mtu wa maabara? Kwa hiyo tule tu?" Nikamwambia siwezi kusema. Aliniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Jibu lake ni refu, halikuwezekana pale mkutanoni, ndiyo maana naliandika leo.

Naomba nieleweke. Sisemi palikuwa na sumu. Samaki hufa pia kwa kukosa hewa, pale upepo unapoyageuza maji na yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu. Wazee wa uvuvi wanalijua hilo kuliko mimi. Wala sisemi maabara ilidanganya. Ilipima ilicholetewa na kuandika ilichokiona. Ninachosema ni kwamba chupa ile haikuwa na uwezo wa kutujibu swali letu, na sisi tulipokea ukimya wake tukauita habari njema.

Kemikali tunazoziogopa zaidi katika ziwa hili, DDT na ndugu zake, dawa za zamani za pamba, mafuta ya transfoma yenye kemikali za viwandani ziitwazo PCB, masizi ya moshi, zote zina tabia moja: zinayachukia maji. Ukiitikisa DDT kati ya maji na mafuta, kwa kila chembe moja inayobaki majini, zaidi ya milioni moja huhamia kwenye mafuta. Ikikosa mafuta hung'ang'ania chochote kilicho karibu, iwe tope, ngozi ya samaki, mwani au ukuta wa chupa. Ukiiweka kwenye plastiki siku tatu, sehemu yake inakuwa imeshajishikiza kwenye plastiki. Ukimimina maji unamimina yaliyobaki. Plastiki nayo hutoa vya kwake, zile ftaleti za kulainishia, ambazo kwenye karatasi ya mashine huinuka kama vichuguu na kuficha vilima vidogo tulivyokuwa tunavitafuta. Ongeza jua, linalovunja baadhi ya dawa, na joto, linalowapa bakteria nguvu ya kuzila nyingine.

Kwa hiyo chombo chake ni chupa ya kioo, ya rangi ya kahawia ili mwanga usipenye, iliyosuuzwa kwa asetoni au kuchomwa kwenye tanuri la nyuzi 400, na mdomo wake umefunikwa kwa foili kabla ya kifuniko. Inawekwa kwenye deli lenye barafu, karibu nyuzi 4, na maji yake yanatakiwa yawe yamekamuliwa ndani ya siku 7. Na jambo ambalo vijana wale walilifanya kwa nia njema kabisa: chupa ya kazi hii haisuuzwi kwa maji ya ziwa. Kila unaposuuza, kinachopenda kuganda ukutani kinaganda, na sampuli yako tayari inasema uongo kwa upande mwingine, inaonyesha zaidi ya kilichomo majini.

Tukishapokea chupa kama hiyo, kitu cha kwanza ni kupiga mstari wa kalamu kwenye usawa wa maji. Watu hudhani ni mapambo. Maji yote yataingia kwenye chombo cha kukamulia, na baadaye tunaijaza chupa tupu hadi mstari ule ili kujua ilikuwa na kiasi gani. Hatuyapimi kwa silinda kwanza, kwa sababu silinda nayo ina ukuta. Kisha chupa yenyewe tunaisuuza kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha kemikali hizi, na kile kiyeyushi kinaungana na maji, ili hata kilichojificha ukutani kirudi. Chupa ya soda huwezi kuifanyia hivyo. Kiyeyushi kitaila.

Nataka msomaji aone kinachofuata, kwa sababu hapa ndipo majibu mengi hupotea. Chombo ni faneli ya kioo yenye umbo la parachichi lililoning'inizwa, tumbo juu, kikonyo chini, na kwenye kikonyo pana koki. Unamimina lita moja ya maji ya ziwa, unaongeza mililita 60 za kiyeyushi kiitwacho dikloromethani. Ni kimiminika chepesi kugeuka mvuke, kinachemka karibu nyuzi 40, lakini ni kizito kuliko maji, hivyo kinazama chini kama asali. Unafunga, unashika kifuniko kwa kiganja cha kulia na koki kwa vidole vya kushoto, unageuza kichwa chini, unatikisa. Joto la mkono peke yake linatosha kukigeuza mvuke. Kioo kinajaa mvuke, na usipofungua koki kwa muda sahihi kifuniko kitaruka. Kwa hiyo unatikisa kidogo, unafungua, kinapumua "psss", unafunga, unatikisa tena, dakika mbili. Kazi yote inafanyika ndani ya kabati la kufyonza hewa, maana mvuke ule si wa kuvuta. Halafu unakitundika kwenye pete na kusubiri dakika kumi. Yanajitenga polepole: maji juu, yana ukijani wa Ghuba ya Mwanza, na chini dikloromethani safi kabisa, na kati yao mstari mwembamba kama uzi. Ndani ya ile sehemu ya chini kuna karibu kila kitu tulichokuwa tunakitafuta. Unafungua koki, unatoa tone kwa tone, unasimama kabla uzi haujafika.

Kisha unarudia. Na tena. Mara tatu, mililita 60 kila mara. Wanafunzi wa mafunzo kazini walikuwa wakiniuliza kwa nini tusimimine 180 kwa mpigo mmoja tukapumzike. Nilikuwa nawauliza nguo nyumbani wanazisuuzaje. Ukiwa na ndoo moja tu ya maji, ukiimwagia nguo yote kwa pamoja sabuni inabaki. Ukiigawa mara tatu na kukamua kila mara, inatoka. Chukulia kila mkamuo unatoa sehemu 80 kwa 100. Wa kwanza unaacha 20, wa pili unaacha 4, wa tatu haufikishi 1. Ukimwaga zote 180 kwa mara moja, zinabaki karibu 8. Tofauti ya 8 na 1 ndiyo tofauti kati ya kuona na kutoona, pale kinachotafutwa kinapokuwa kidogo.

Maji ya Mto Mirongo yalikuwa yakinipa shida kuliko yote. Mto ule unakatisha katikati ya mji na kubeba maji ya kufulia ya watu wengi, na sabuni ina tabia ya kupatanisha maji na mafuta hata pale usipotaka wapatane. Badala ya uzi mwembamba, unapata tabaka nene jeupe katikati, tukiliita mtindi. Si maji, si kiyeyushi. Unalitibu kwa chumvi kidogo, unalizungusha taratibu, unalichokoa kwa fimbo ya kioo, mara nyingine unaliweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi. Wakati mwingine dawa yake ni kusubiri tu, saa mbili, saa tatu. Mwenye haraka hulimwaga kwenye sinki. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye shahada, akilimwaga. Ndani ya mtindi ule kuna sehemu kubwa ya uchafuzi, umeshikana na sabuni, na cheti cha siku hiyo kingetoka kizuri sana.

Siku hizi maabara nyingi zinatumia katriji: kijibomba kilichojazwa unga unaonasa kemikali, maji yanapitishwa taratibu, kisha unga unasuuzwa kwa kiyeyushi kidogo. Ni njia nzuri, inapunguza mvuke na gharama. Lakini maji yetu yana mwani, na mwani huziba katriji kabla nusu lita haijapita. Basi mtu anayachuja kwanza, chujio linakuwa la kijani, analitupa, na maji meupe ndiyo yanayopita. Kumbukeni nilichosema juu ya DDT kung'ang'ania tope na mwani. Chujio lile ndilo lililokuwa sampuli.

Sasa niseme la kwangu, maana siwezi kuwanyooshea wengine kidole. Mwaka wangu wa tatu kazini nililetewa sangara wa kukaushwa kwa moshi. Tulikuwa tunatafuta hidrokaboni za masizi. Baada ya kukamua, kiyeyushi hupunguzwa. Kinapita kwenye sodiamu salfeti kavu ili kiachane na unyevu, kinavukizwa, kisha kinapulizwa kwa gesi ya naitrojeni, pumzi nyembamba sana, mpaka kibaki mililita moja. Siku ile nilitoka kidogo. Niliporudi kijichupa kilikuwa kimekauka, chini pana alama ya duara tu, kama chai iliyokauka kikombeni. Nikaongeza mililita moja ya heksani, kiyeyushi kingine, nikazungusha, nikapeleka kwenye mashine. Sikumwambia mtu. Jibu likatoka: naftalini haikugundulika. Naftalini ni ile ile ya vidonge vyeupe vya kabatini, vinavyoisha vyenyewe hewani bila kuguswa. Ilikuwa imepeperuka ndani ya dakika zile nilizokuwa nje.

Kilichoniokoa ni shahidi. Kabla ya kukamua sampuli yoyote tunaitia kiasi tunachokijua cha kemikali ambayo haipatikani katika mazingira, na mwishoni tunaangalia imerudi kiasi gani. Ikirudi kati ya sehemu 70 na 120 kwa 100, kazi inakubalika. Mkuu wangu alitazama karatasi akaniuliza, "Binti, shahidi wako amerudi asilimia 11, wengine wamekwenda wapi?" Nikamwambia ukweli. Tukarudia siku nzima, na naftalini ikaonekana. Tangu siku ile sikuwahi kusoma neno "haikugundulika" bila kumtafuta shahidi kwenye ukurasa unaofuata. Kwenye cheti cha mwalo ule hakukuwa na ukurasa unaofuata.

Samaki na tope vina mambo yake. Tope la ziwani lina salfa inayovuruga mashine, na tunaiondoa kwa vipande vya shaba vilivyosuguliwa, ambavyo hugeuka vyeusi machoni pako. Samaki anasagwa pamoja na ile sodiamu salfeti kavu mpaka awe kama mchanga, anawekwa kwenye chombo cha Soxhlet. Mjerumani Franz von Soxhlet alikibuni mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa, na mpaka leo kinafanya kazi: kiyeyushi kinachemka chini, kinapanda, kinapozwa na maji ya bomba, kinadondoka juu ya samaki, kikijaa kinajimwaga chenyewe na kuanza upya, mara nne hadi sita kwa saa, kwa saa 16 au zaidi. Nimelala maabara usiku mwingi kwa sababu ya chombo hicho, maana maji ya bomba yakikatika saa nane usiku, kiyeyushi chote kinapaa na moto unaweza kufuata.

Kinachotoka pale ni mafuta ya samaki, manjano, mazito, na uchafuzi umo ndani ya mafuta hayo. Lazima mafuta yaondolewe. Njia rahisi ni asidi kali ya salfuriki: inaunguza mafuta na kuiacha DDT salama. Lakini asidi hiyo hiyo inaharibu viuatilifu vingine, dieldrini na endosulfani. Endosulfani ni miongoni mwa dawa zilizopulizwa sana kwenye pamba, na iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iachwe duniani. Mvua za masika zinapoosha mashamba ya Magu, Kwimba na Simiyu, mto wa Simiyu unamwaga maji yake Ghuba ya Speke. Mtu akiwasafisha samaki wa huko kwa asidi, kisha akaandika endosulfani haikugundulika, ameandika kweli tupu. Aliiunguza mwenyewe saa moja kabla.

Na hata mikono ikiwa safi kila hatua, bado kuna kipimo cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kukiona. Ulaya kiwango cha juu cha kiuatilifu kimoja katika maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Hiyo ni sawa na gramu moja, chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, iliyosambazwa kwenye matangi elfu kumi ya lita 1,000. Shirika la Afya Duniani, kwa DDT, linasema mikrogramu 1 kwa lita. Tunakamua lita moja mpaka mililita moja ili kukikuza kilichomo mara elfu, kwa sababu bila hivyo mashine nyingi hazifiki huko. Maabara ambayo mwisho wake wa kuona ni mikrogramu 10 itaandika haikugundulika juu ya maji yenye sumu mara tisa ya kiwango cha Shirika hilo, na haitakuwa imekosea. Lakini lazima namba hiyo iandikwe. "Haikugundulika" bila namba ni kama fundi kusema hakuona nyoka ndani bila kusema kama aliwasha taa.

Wapo watakaosema ninatisha watu na kuharibu biashara ya samaki. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, kwa sababu walikuwepo watu wanaovua kwa kumwaga viuatilifu majini. Dada wa mume wangu alikuwa anakata minofu kiwandani. Alirudishwa nyumbani miezi kadhaa, na watoto wake watatu walikula kwetu. Sangara wengi walikuwa hawana kosa lolote. Walichokosa ni mtu wa kuthibitisha, kwa vipimo ambavyo mnunuzi hawezi kuvitilia shaka. Leo Mwanza tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki Nyegezi na ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Watu wenye ujuzi wapo, nimefanya kazi na baadhi yao na ninawaheshimu. Lakini hakuna ujuzi unaoweza kukirudisha kilichobaki kwenye ukuta wa chupa ya soda. Minofu ya kwenda nje inapimwa kwa sababu mnunuzi anadai. Dagaa wa Kirumba Mwaloni na maji ya ndoo ya mwalo hayana mdai. Na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja. Kilichoingia hapa kinakaa nasi muda mrefu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu la kwanza ni kwako na waandishi wako. Mkiletewa cheti cha maji au samaki, msiandike "ni salama" kabla hamjauliza sampuli ilibebwa kwenye nini, ilikaa saa ngapi kabla ya kukamuliwa, shahidi alirudi asilimia ngapi, na namba ya chini kabisa ambayo maabara inaweza kuiona ni ipi. Mtaalamu wa kweli hatachukia maswali hayo. Atafurahi kwamba mtu ameyauliza. Mkikosa majibu, andikeni tu kwamba hamkupewa.

La pili ni kwa madiwani wetu, wa Ilemela na Nyamagana, na wa wilaya zote za ufukweni, Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe. Bajeti ya maabara inapopitishwa, kila mtu anataka kuona mashine. Nimeona mashine nzuri, katika ofisi ambayo siitaji, ikikaa miezi imefunikwa kitambaa kwa kukosa gesi na kemikali za kulinganishia. Ulizeni kuna fedha kiasi gani ya heksani safi, ya vioo, ya barafu, ya mafuta ya gari la kwenda mwaloni siku ile ile samaki wanapoelea. Ulizeni nani amefundishwa kukamua na nani atamrithi akistaafu. Mimi nilipoondoka, meza yangu ilikaa mwaka bila mtu.

La tatu ni dogo, na sikulisubiri. Kila ofisi ya BMU inaweza kuwa na chupa mbili za kioo za kahawia, safi, zimefungwa kwa foili, na karatasi moja ya maelezo ukutani: usisuuze, chota chini ya uso wa maji, weka kwenye barafu, andika saa, piga simu. Kwa kuanzia niliomba chupa tupu za viyeyushi kwa wenzangu wa zamani. Walinichomea sita kwenye tanuri. Nilizipeleka mwalo ule Jumamosi iliyopita kwa usafiri wa kawaida wa watu, daladala halafu bodaboda, nimezipakata kwenye mfuko wa khanga. Yule mama wa dagaa ndiye aliyenipokea. Hakuniuliza tena kama wale. Aliuliza ni nani atakayelipia barafu, na mwenyekiti akajibu kwamba la barafu litaingia kwenye ajenda ya kikao cha mwisho wa mwezi. Chupa nne ziko kabatini kwa BMU, mbili kwa mtendaji wa kata, na foili za midomo yake nimekataza zisiguswe mpaka siku ya kuzitumia.

Fundi sanifu wa maabara, mstaafu,
Nyegezi, Mwanza